Kukodi boti Tanga bila nahodha

Ndugu, umeuliza kama wewe na mkeo mnaweza kuendesha boti wenyewe kutoka Tanga, mzunguke visiwa mpaka Pemba. Yambe na Karange sawa, ila siku ya kwanza mchukueni mvuvi wa hapo awaoneshe miamba. Maziwe, fungu la mchanga karibu na Pangani, nendeni maji yakipwa. Bamvua, yaani maji makuu, likijaa fungu lote humezwa, pamoja na mwavuli wa shemeji. Mkondo wa Pemba, ile bahari kati ya bara na Pemba, msiuchezee: kina ni kirefu, maji yanakwenda kasi, na upepo wa kusi ukichachamaa hata wenyeji hungoja. Huko chukueni nahodha mwenye leseni. Utabiri wa bahari wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania) usomeni kila asubuhi. Na mkeo anajua kugeuza boti? Ukianguka majini, yeye ndiye atakayekuokota.