Uwanja Huchaguliwa kwa Safari ya Kurudi

Maswali ya Wasomaji: Urukaji

SWALI: Mpendwa Mshauri, mimi ni kijana wa South C. Nilipata leseni ya rubani binafsi mwaka jana na daftari langu la urukaji sasa lina saa 86. Hukodisha ndege aina ya Cessna 172 pale Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikienda eneo lile lile la mafunzo na kurudi, hadi nimeanza kuona kwamba ninalipia mafuta bila kujifunza jambo jipya. Ningependa saa nilizobakisha kabla ya leseni ya rubani wa biashara nizitumie kuzuru viwanja vidogo vyenye mandhari ya kupendeza. Wenzangu wananitajia Magadi, Nanyuki, Amboseli na Lamu, kila mmoja akisifu chake. Nianze na upi, na nichague kwa kigezo gani?

JIBU: Ndugu msomaji, hamu yako haina kosa, na wala usione haya kusema kwamba unatafuta mandhari. Rubani anayependa anakokwenda huisoma ramani kwa makini zaidi kuliko yule anayetafuta saa tu. Hata hivyo, wenzako wanakusifia viwanja kwa jinsi vinavyoonekana mtu anapofika, ilhali kigezo ninachokupendekezea ni safari ya kurudi: utaondokaje hapo, saa ngapi, katika joto gani, na kuna nini kati ya uwanja huo na Wilson.

Anza kwa hesabu ambayo bila shaka uliifanyia mtihani kisha ukaisahau. Wilson iko futi 5,500 na ushei juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho joto la kawaida la vitabu ni nyuzi 4 tu. Siku ya jua kali, kipimo kikisoma nyuzi 25, tofauti ni nyuzi 21. Zidisha kwa futi 120 kwa kila nyuzi, ujumlishe na kimo cha uwanja, na utaona kwamba hewa iliyo juu ya njia ya kurukia imekuwa nyepesi kama hewa ya futi 8,000. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000, kwa hiyo ukiwa bado hujapita uzio wa uwanja tayari umeacha karibu robo ya nguvu chini. Wewe umezoea hali hiyo kwa sababu ndiko ulikojifunzia, na mazoea hayo ni faida kubwa, lakini pia ndiyo yanayomfanya rubani wa Wilson asifanye hesabu upya anapokwenda kwingine.

Sasa pima viwanja ulivyotajiwa. Watu huiogopa Magadi kwa sababu ya joto lake, na ni kweli kwamba mchana huko jasho hukutoka kabla hujafungua mlango wa ndege. Lakini Magadi iko chini, karibu futi 2,000 tu. Hata joto likifika nyuzi 38, ndege yako itaihisi hewa kama ya futi 5,200 hivi, yaani hewa nzito kuliko ile unayorukia Wilson asubuhi yenye baridi. Nanyuki, ambako watu huenda wakiwa wamevaa sweta na kuona kwamba hali ni ya kustarehesha, iko juu ya futi 6,200. Nyuzi 25 za mchana hapo huifanya hewa iwe kama ya karibu futi 9,000. Kwa hiyo kati ya hivyo viwili, unaopaswa kukutia wasiwasi wakati wa kuruka ni ule wa baridi. Fungua kitabu cha maelekezo ya ndege yako, kwenye jedwali la umbali wa kuruka, uyaandike majibu kwa kalamu; usiyakadirie kichwani.

Kwa safari ya kwanza ningekupeleka Magadi, si kwa sababu ni rahisi, bali kwa sababu ugumu wake wote uko kwenye kurudi. Kwenda ni karibu maili 50 za baharini. Unaivuka Ngong, ardhi inakuporomokea chini ya mabawa, na baada ya muda mfupi unaliona ziwa likiwa na mabaka ya waridi na meupe, na heroe wakiwa wametapakaa pembezoni. (Waache heroe. Kushuka chini ili upate picha huwatimua kwa maelfu, na huko ni kuwatesa wao na kujihatarisha wewe.) Kiwanja kiko karibu na mji wa kiwanda cha magadi, kwa hiyo omba ruhusa kabla ya siku ya safari.

Kurudi ndiko kwenye somo. Utaruka kutoka futi 2,000, na mbele yako kuna vilima vya Ngong ambavyo kilele chake kinapita futi 8,000. Upepo wetu kwa sehemu kubwa ya mwaka huvuma kutoka mashariki; hupanda upande wa Nairobi, huvuka mgongo wa vilima, kisha huporomoka upande wa Bonde la Ufa, yaani upande ule ule unaotokea wewe. Rubani anayengoja kupanda hadi awe chini ya vilima hujikuta ameinua pua ya ndege, injini inanguruma kwa nguvu zote, na kipimo cha kimo hakisogei au kinashuka. Panda ukiwa bado mbali, zunguka juu ya bonde ikibidi, na usiukaribie mgongo kabla hujawa na angalau futi 2,000 juu yake. Ukaribie kwa mshazari, si kwa kuuelekea moja kwa moja, ili ukisukumwa chini uweze kugeuka kwa upole kurudi kwenye ardhi ya chini. Ondoka Magadi kabla ya saa nne asubuhi, maana baada ya hapo ardhi ya bonde hupata joto na kuanza kukurusharusha. Kwenye miteremko hiyo ya Ngong ndiko alikozikwa Denys Finch Hatton, mwindaji na rubani Mwingereza wa enzi za ukoloni, ambaye ndege yake ilianguka Mei 1931 muda mfupi baada ya kuruka kutoka Voi.

Ukishaizoea Magadi, iko safari moja ambayo ningeipenda kuliko zote kwa mtu mwenye saa zako. Toka Wilson hadi Nanyuki, kutoka Nanyuki shuka hadi Amboseli, kisha rudi Wilson. Kwa mstari ulionyooka ni takriban maili 77, 155 na 84, jumla 316. Leseni ya rubani wa biashara hudai safari moja isiyopungua maili 300, ukiwa wewe ndiye rubani mkuu, na utue na kusimama kabisa katika viwanja viwili tofauti. Utakuwa umetimiza sharti hilo huku umeona Mlima Kenya asubuhi na Kilimanjaro siku hiyo hiyo, na sijui sharti jingine la leseni linalotimizwa kwa raha kama hiyo.

Ielekee Nanyuki kwa kupita juu ya Thika, Murang'a na Nyeri, ukiliacha pengo kati ya Nyandarua na Mlima Kenya likuongoze. Milima yote miwili hujifunika mawingu kadiri asubuhi inavyosonga, na pengo likianza kufungwa usibishane nalo, geuka. Ukikaribia, kumbuka kwamba kambi ya jeshi la anga ya Laikipia iko jirani na kiwanja cha kiraia, na njia yake ya kurukia ni kubwa, inaonekana mapema na inamvutia mgeni. Hakikisha unatua panapokuhusu.

Mguu wa kwenda Amboseli hupita mashariki ya Nairobi, karibu na anga ya ndege kubwa za Jomo Kenyatta, kwa hiyo panga njia yako na mwalimu wako na uwasikilize waongoza ndege bila kukatiza. Amboseli iko kwenye futi 3,700 na zaidi. Kilimanjaro, wenye mita 5,895, uko Tanzania, na kutoka kiwanjani mpaka hauko mbali. Anayejisahau akiusogelea mlima ili apige picha anaweza kuingia nchi nyingine bila kibali. Kabla ya kutua, pita mara moja juu ya njia ya kurukia ukiangalia punda milia, nyumbu na tembo, na usiamini kwamba dakika tano baadaye bado watakuwa ulipowaona. Kuhusu mafuta, viwanja vya mbugani huhudumia zaidi ndege kama Caravan ambazo hutumia Jet A-1, na mafuta hayo si ya injini yako. Ondoka Wilson na avgas (petroli ya ndege ndogo kama yako) ya mzunguko wote pamoja na akiba, na kama uzito hauruhusu kujaza matangi ukiwa na abiria watatu, basi abiria wawili wabaki nyumbani.

Lamu iache mwisho. Ni zaidi ya maili 250 kwenda tu, na uzuri wa kuiona Manda, kisiwa chenye uwanja wa Lamu, ikitokea kwenye mikoko hauna mfano, lakini rubani wa Wilson huko hukutana na tatizo la kinyume. Wewe umezoea kupunguza mafuta kwenye mchanganyiko wa hewa na mafuta unaoingia kwenye injini hata kabla ya kuruka, jambo ambalo ni sahihi katika hewa nyepesi ya nyumbani. Kwenye usawa wa bahari, mazoea hayo yanaweza kuichemsha injini. Rudisha mafuta kwenye mchanganyiko taratibu kadiri unavyoshuka, na unapoondoka Lamu uruke ukiwa umeyarudisha yote.

Chagua majira pia. Januari na Februari ni miezi mizuri. Julai mawingu ya chini huifunika Nairobi asubuhi, na unaweza kujikuta ukingoja pale Wilson hadi saa tano huku ubora wa hali ya hewa ya Magadi ukipita. Wakati wa mvua za masika viwanja vya changarawe hugeuka tope, hasa penye udongo mweusi, kwa hiyo mpigie simu mtu aliye uwanjani siku hiyo hiyo. Habari za juzi hazitoshi.

SWALI: Mshauri, mimi ni mama wa Buruburu. Binti yangu anasomea urubani na ameniomba fedha za kuzuru viwanja vya mbali, akisema ni sehemu ya masomo. Mimi naona ni matembezi. Nimpe?

JIBU: Mama, nusu ya maneno yenu nyote wawili ni kweli. Viwango vya kimataifa vya leseni ya rubani wa biashara hudai saa 200, au 150 kwa anayesoma kozi iliyoidhinishwa, na ndani yake saa 100, au 70 kwa kozi hiyo, akiwa rubani mkuu. Saa 20 kati ya hizo lazima ziwe za safari za masafa. Kwa hiyo kwenda mbali si anasa. Swali ni kama kila safari inamfunza jambo ambalo iliyotangulia haikumfunza.

Gharama zinaweza kupunguzwa. Wanafunzi wawili wenye leseni hukodisha ndege pamoja, mmoja akarusha kwenda na mwingine kurudi, na kila mmoja akaandika katika daftari saa alizorusha yeye tu. Wasiandike wote wawili kwamba kila mmoja alikuwa rubani mkuu kwa saa zile zile. Pia mwonye asiwatoze marafiki nauli ili wakaone heroe, kwa kuwa leseni ya rubani binafsi haimruhusu kubeba watu kwa malipo.

Kabla ya kutoa fedha, mwombe akuonyeshe karatasi aliyoandika: umbali, mafuta, uzito, urefu wa njia ya kurukia anaohitaji, na mahali atakapokwenda ikiwa uwanja umefungwa. Huhitaji kuielewa yote. Mwulize tu joto alilotumia kwenye hesabu ya kuruka kutoka Nanyuki, na siku ya safari akupigie simu akiwa huko kabla ya kuondoka, akutajie kipimo kinasoma ngapi. Kikizidi alichoandika, na aseme kwamba amekaa chini kuhesabu upya, mpe fedha za safari inayofuata.