Farasi akikugomea uani bila kamba, tazama kwanza umesimama wapi

Ndugu uliyeuliza, nimeyasoma maelezo yako mara mbili. Farasi wako ukimwachia uani bila kamba huenda vizuri mizunguko mitatu minne, halafu hukwama langoni, akakugeuzia makalio na kuinua mguu wa nyuma. Wenzako wanakwambia umchape mpaka akome. Nakuomba sana usimchape. Hilo limenikuta mimi hapa hapa Mombasa, pande za Bamburi, kwa farasi jike wa hudhurungi aliyekuwa akibeba watalii ufuoni kabla hajaja kwangu.

Naye aligomea langoni. Nikadhani ni kiburi. Nikawa nampigia mjeledi kwa nyuma. Akirusha teke narudi hatua mbili, napumua, naanza tena. Baada ya juma moja akawa anagoma tangu mzunguko wa kwanza. Saisi mmoja mzee, yaani mtunza farasi, aliyekuwa ameketi chini ya mwembe akitutazama akaniita. "Mwanangu, teke hilo unamfundisha wewe. Kila akirusha mguu unamwondokea. Kwa nini asirushe tena?"

Farasi hujifunza kwenye nafuu. Jambo alilokuwa akilifanya wakati mbano unaondoka ndilo analolishika, na nafuu ikichelewa hata kidogo ameshashika jingine.

Kisha mzee akaniambia nitazame nyayo zangu mchangani. Katikati ya ua zilikuwa zimekanyagana, lakini upande wa lango zilitoka zikaenda mbele, maana nilikuwa nawahi ili nimzuie asikwame. Hapo ndipo nilipopotea. Ukiwa nyuma ya bega la farasi, anakuelewa kwamba unamsukuma aende. Ukipita bega ukaelekea kichwani, anaelewa umemzibia njia. Mwili wangu ulikuwa ukimwambia simama, mjeledi ukimwambia nenda, na yeye amekwama baina ya amri mbili. Akageuza makalio. Ningekuwa yeye ningefanya vivyo hivyo.

Kesho yake niliuacha mjeledi nje, nikaingia na kipande cha kamba tu mkononi. Alipokwama sikumwendea kwa nyuma, kwa kuwa macho ya farasi yako pembeni na nyuma yake kabisa hakuoni; ukimjia huko anapiga bila kukusudia. Nilizunguka kwa mbali, zaidi ya urefu wa farasi wawili, mpaka nikaliona jicho lake. Nikalenga nyonga, nikapunga kamba chini chini. Alisimama kitambo, mkia ukichapa. Halafu mguu mmoja wa mbele ukasogea. Mmoja tu! Papo hapo nikashusha mkono, nikageuza bega, nikatazama pengine. Sikio la upande wangu likanigeukia, kichwa kikashuka, akaanza kulamba midomo. Nikamwacha apumue.

Siku zilizofuata nilimpumzisha upande wa mbali na lango, kila mara pale pale. Langoni kazi, kule kivuli na utulivu. Siku ya tano alilipita lango bila kulitazama. Nawe angalia nini kiko nje ya lango lako; kama ni banda la mwenzake, farasi ni mnyama wa kundi na moyo wake uko huko. Kama ua wako una pembe, ziba pembe hizo. Duara la kipenyo cha mita 15 hadi 18 linatosha.

Lakini kabla ya yote hayo mkague mwili. Baadaye jike wangu alirudia kugoma, safari hii akienda kushoto tu. Nikainua ukwato wa mbele wa kushoto, nikachokoa mchanga, nikakuta kipande cha tumbawe kama punje ya mahindi kimejibana. Kwenye mzunguko mguu wa ndani hubeba mzigo zaidi, kwa hiyo aligoma kwa sababu anaumia. Meno na mgongo pia vina maneno yake.

Na joto letu usilichukulie wepesi, hasa Februari na Machi, jasho linapotoka lisikauke kwa unyevu wa hewa. Mimi huingia uani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, dakika 15, basi. Farasi aliyepumzika huvuta pumzi kama mara 8 hadi 16 kwa dakika. Akiendelea kuhema sana kivulini, mmwagie maji tena na tena. Akihema na ngozi ni kavu, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, kwani wako farasi ambao kwenye joto la namna hii huacha kabisa kutoa jasho.

Kesho sawazisha mchanga kabla hujamwachia, fanya naye mizunguko yako, kisha mtoe utazame nyayo zako karibu na lango. Utuambie pia anagoma akienda upande gani, kushoto, kulia au kote.