Nani analipia usafishaji wa michoro ya Vatikani

Umeuliza Vatikani, na utajiri wake wote ule, inahitaji wafadhili wa nini. Jibu ni kwamba utajiri wenyewe ndio hiyo michoro na sanamu, na haviuzwi. Haviweki hela mfukoni, ila kuvitunza kunakula hela kila mwaka. Tiketi za makumbusho zinasaidia, lakini vitu ni vingi mno.

Ndiyo maana kuna chama cha wafadhili wa makumbusho yale, kilianza 1983. Mtu anachagua kazi mahususi, tuseme sanamu moja ya marumaru, analipia hiyo.

Ila si kila anayetoa anatoa sadaka tupu. Dari iliyochorwa na msanii Michelangelo katika Kikanisa cha Sistina, hapo hapo Vatikani, pamoja na ukuta wenye mchoro wake wa Hukumu ya Mwisho, vilisafishwa kati ya 1980 na 1994 kwa pesa za Nippon Television ya Japani. Nao wakapewa haki ya kupiga picha na filamu peke yao kwa muda. Mimi sioni ubaya hapo. Yalitoka masizi ya mishumaa na gundi ya wanyama iliyopakwa na mafundi wa zamani, zikaibuka rangi kali za kijani na waridi, hadi baadhi ya wataalamu wakalalamika kwamba hata vivuli alivyochora msanii mwenyewe vimefutwa. Ukifika pale inua macho utafute vijipande vyeusi vya mraba: viliachwa makusudi bila kusafishwa, uone dari ilivyokuwa.