Kuishi na Saluki: jibu langu kwa aliyeuliza kama mbwa huyu ana mapenzi kweli

Mkuu, umesema nyumbani mna paka, na umeuliza mambo matatu: kama Saluki anafaa kuishi ndani na familia, kama ni kweli hana mapenzi na binadamu, na kwa nini kila unayemwonyesha picha anasema mbwa huyo ana njaa. Nimeishi nao miaka mingi. Wa kwanza alizeekea mikononi mwangu, na sasa nina jike anaitwa Zuhura. Naanza na hilo la mapenzi, maana nikisikia linasemwa huwa linaniuma.

Saluki anapenda, tena anapenda sana, ila hana makeke. Hatakurukia mlangoni wala kumlamba kila anayeingia. Mgeni akija, Zuhura humtazama kwa mbali, huzunguka kidogo, kisha huenda zake. Mgeni akikaa kwa utulivu bila kumsumbua, baada ya muda utamwona anakuja taratibu, anasimama ubavuni mwake na kumwegemea kwa uzito wake wote, huku macho yakiangalia upande mwingine kabisa. Akishakuegemea hivyo, ujue umekubaliwa. Mimi hunifuata chumba hadi chumba, na nikifunga mlango wa bafu hulala nje yake mpaka nitoke. Nikipaza sauti, hata kama nagombana na mtu kwenye simu, huondoka mkia umebana katikati ya miguu, na kurudi kwake huchukua muda. Asiyekupenda hawezi kuumizwa na sauti yako kiasi hicho.

Ukitaka kumwelewa, angalia kazi aliyozaliwa nayo. Mbwa mchungaji humtazama bwana wake kila mara akingoja ishara. Mbwa wa kunusa hushika harufu na mwindaji humfuata nyuma. Saluki huwinda kwa macho: anamwona swala au sungura mbali, anaachiwa, na kuanzia hapo bwana wake hana tena la kumwambia, kwa sababu wameshafika sauti isikofika. Akate kona wapi, atunze pumzi kiasi gani, aachane na mawindo saa ngapi, yote anaamua mwenyewe huku anakimbia. Vizazi na vizazi, waliotunzwa na kuzalishwa ni wale waliojua kuamua vizuri. Ndiyo maana ukimwambia "kaa" anakutazama kwanza. Anapima kama kuna sababu. Ukimpa sababu nzuri atakaa, ingawa kukaa kitako kwenyewe hakumpendezi, miguu ile mirefu na matako yasiyo na nyama. Kulala chini anajifunza haraka zaidi.

Wengi hapa tunapenda kujua asili ya wanyama wetu, kwa hiyo nieleze kidogo. Kwao ni Mashariki ya Kati, kuanzia Uarabuni na Shamu hadi Iraki na Uajemi. Kwenye makaburi ya Misri ya kale kuna michoro ya mbwa wembamba wenye masikio yaliyolala, na ukimweka Saluki wa leo karibu na picha zile unaona udugu wao. Mwaka 2004 kulitolewa utafiti wa vinasaba vya aina 85 za mbwa, na Saluki akawekwa katika kundi dogo lililo karibu zaidi na mbwa mwitu. Wataalamu wengine baadaye wakaeleza kwamba ukaribu huo unatokana zaidi na kuzalishwa mbali na mbwa wa Ulaya bila kuchanganywa nao. Mimi naona maelezo yote mawili yanamheshimisha.

Mabedui, Waarabu wahamaji wa jangwani, waliwinda naye pamoja na vipanga. Ndege anamshambulia swala kutoka juu na kumchelewesha, mbwa anamfikia kwa chini. Na kwa watakaouliza habari ya najisi: mbwa wa kawaida alibaki nje ya hema, lakini Saluki aliingia na kulala kwenye mazulia, na safarini alipandishwa juu ya ngamia ili mchanga wa moto usimuunguze nyayo kabla ya kazi kuanza. Qur'ani yenyewe, Suratul Maida aya ya 4, inaruhusu kula mawindo yaliyokamatwa na wanyama waliofunzwa, jina la Mwenyezi Mungu likishatajwa. Kimila hakuwa mbwa wa kuuzwa. Alitolewa zawadi kwa mtu unayemheshimu.

Mwingereza Florence Amherst aliwapeleka Uingereza mwaka 1895, na Kennel Club, chama cha mbwa cha huko, ikawatambua rasmi mwaka 1923. Ninachokipenda ni kwamba walioandika vigezo vyao hawakuwalazimisha wafanane. Wapo wenye manyoya marefu masikioni, mkiani na nyuma ya miguu, wapo wenye manyoya mafupi mwili mzima. Wapo wadogo wa sentimita 58 begani na madume yanayofika 71. Mbwa wa jangwa la mchanga na mbwa wa milima ya mawe hawakuhitaji mwili mmoja.

Sasa hilo la njaa. Saluki mwenye afya huonekana mifupa ya nyonga, mbavu chache za nyuma, na mara nyingine vifundo vya uti wa mgongo. Usimpime kwa macho, mpapase. Pitisha kiganja juu ya mapaja na pembeni mwa uti wa mgongo: ukikuta misuli imejaa na ni migumu, mbwa yuko sawa. Pakiwa pamebonyea na ni laini, hapo kweli kuna tatizo. Kumnenepesha ili majirani waridhike ni kumdhulumu, kwa sababu miguu ile haikuumbiwa kubeba mafuta. Wapo pia wanaokula kidogo, wanaoacha sahani nusu na kuondoka, halafu usiku wanaiba mkate juu ya meza. Shingo ni ndefu, anafika popote. Nyumbani kwangu chakula hakiachwi wazi, basi.

Mbio zao ukiziona mara moja hutazisahau. Katika kila hatua kamili miguu yote minne huachana na ardhi mara mbili, mwili ukiwa umekunjika na tena ukiwa umenyooka. Rekodi ya Guinness ya mwaka 1996 ilimpa Saluki kilomita 68.8 kwa saa. Greyhound, mbwa mwingine wa mbio, atampita kwenye mbio fupi, lakini eneo likiwa refu na la mawe, Saluki bado anakimbia mwenzake akiwa ameshaishiwa pumzi.

Hapa ndipo penye hatari kubwa, na naomba usome taratibu. Tukiwa matembezini naweza kuwa namwongelesha Zuhura na mkia unapepea. Ghafla anasimama. Masikio yanapanda kwenye mizizi yake, shingo inarefuka, mguu mmoja wa mbele unabaki hewani, na mwili mzima unatulia isipokuwa mtetemo mdogo wa mapaja. Ukifuata macho yake, mara nyingi wewe huoni kitu. Yeye ameona sikio la sungura mwisho wa uwanja. Dakika hiyo jina lake halimfikii tena. Anakupenda vilevile, ila akili yote imehamia kwenye macho. Akiachiwa atakimbia kilomita nzima bila kutazama barabara wala gari. Ndivyo Saluki wanavyofia barabarani.

Kwa hiyo asitoke nje ya uzio bila kamba, hata awe amefunzwa vipi, hata awe na umri gani. Uzio uwe wa karibu mita 1.8, maana hizo fupi anaziruka kutoka pale aliposimama. Mkanda wa shingoni uwe mpana na wa aina inayojikaza kidogo akivuta, kwa sababu kichwa chake ni chembamba kuliko shingo, na mkanda wa kawaida anauvua kwa kurudi nyuma hatua moja. Epuka kamba zile ndefu zinazojikunja zenyewe: akishika kasi kisha akafika mwisho wa kamba, shingo inaweza kuvunjika. Lakini kukimbia lazima akimbie. Tafuta uwanja uliozungushwa uzio, mwachie, umtazame. Mizunguko michache ya kasi, kisha anarudi anahema ulimi nje, na siku nzima inayobaki analala. Watu hawaamini jinsi alivyo mtulivu ndani ya nyumba.

Na atalala pazuri, akubaliwe au asikubaliwe. Kwenye sakafu ngumu mifupa humuuma na viwiko huota sugu, kwa hiyo mpe godoro nene, au ukubali tu kwamba kochi ni lake. Usafi wake ni wa paka: hana harufu ya mbwa, hujilamba, hukwepa matope. Mwenye manyoya marefu mchane masikio mara kwa mara, na wakati wa kula mfunge kitambaa kichwani yasiingie kwenye sahani. Ngozi ni nyembamba mno. Tawi au waya ambao mbwa mwingine angepita nao akapata mkwaruzo, yeye hupasuka kidonda cha kushonwa.

Daktari wa mifugo mzungumze naye mapema, kabla ya ugonjwa. Mwili wa Saluki una mafuta machache, na ini la mbwa wa jamii hii husafisha baadhi ya dawa za usingizi polepole. Zile za zamani za kundi la babitureti, kama thiopentali, zinaweza kumweka usingizini muda mrefu wa hatari. Siku hizi zipo zilizo salama zaidi, ila lazima daktari ajue anayemlaza ni nani. Vipimo vya damu navyo hutoka tofauti: chembe nyekundu huwa nyingi kuliko za mbwa wengine, na homoni ya tezi ya thairoidi huwa chini hata kwa mbwa mwenye afya kabisa. Daktari mmoja alitaka kumwanzishia Zuhura dawa za tezi kwa kutazama kipimo kimoja tu. Nilimwomba kwa heshima tulinganishe na viwango vya Saluki, tukakaa tukavisoma pamoja, dawa ikafutwa. Kinachohitaji uangalifu wa kweli ni moyo, pamoja na saratani ya mishipa ya damu. Akitunzwa, miaka 12 hadi 14 ni ya kawaida.

Mafunzo yawe mafupi, uishie akiwa bado anataka. Ukirudia zoezi mara nyingi anaona umemkosea adabu, anageuza kichwa. Ukimpiga, sahau. Huyu haasi kwa hasira, anajifungia ndani ya nafsi yake, na kumrudisha ni kazi ya miezi. Watoto wapole wanaelewana naye vizuri sana, wale wa kelele na kurukaruka watamfanya ahame chumba. Paka aliyelelewa naye tangu utotoni anaweza kuwa rafiki ndani ya nyumba, na huyo huyo paka akikimbia uani akageuka mawindo. Usiwaache peke yao nje.

Kuachwa peke yake siku nzima hakuwezi, atalia na kutafuna milango. Kama nyote mnatoka asubuhi na kurudi jioni, ningekuambia usimchukue, au uchukue wawili. Na kama hujawahi kuishi na mbwa wa kuwinda kwa macho, mtafute aliyefikisha miaka mitatu au minne ambaye tabia yake imeshajulikana. Mtoto wa Saluki hukomaa polepole, na miaka miwili ya kwanza hutafuna, huchimba na kusahau kila alichofundishwa. Ukichukua mtoto, mwambie mfugaji akuonyeshe vipimo vya moyo vya wazazi wote wawili, na umwone mama anavyokaa na wageni nyumbani kwake. Woga wa mama watoto huurithi.

Ukishampata unayemfikiria, andika hapa umri wake, amelelewa wapi, na kama ameshawahi kuishi na paka uliyesema mnaye. Nitakujibu, na wengine wenye Saluki humu nao watachangia.