Usimuulize kama ameelewa: kwa wauguzi wanaoanza kazi wodini

Wadogo zangu mnaoripoti wodini mwezi huu, karibuni. Nina miaka 17 ya uuguzi katika hospitali ya wilaya, na mingi nimeimaliza wodi ya magonjwa ya ndani na kliniki ya kisukari. Kutafuta mshipa, kupima presha na kujaza chati mtavizoea ndani ya wiki chache. Nataka niwaambie jambo ambalo mimi nilichelewa kulijua.

Nikiwa mgeni kazini niliwahi kumkabidhi dawa mzee mmoja mvuvi aliyekuwa anaruhusiwa baada ya nimonia. Daktari alimwandikia amoksilini. Nikampa bahasha na kumwambia, "Kidonge kimoja kila saa nane, siku saba." Akajibu, "Sawa, sista." Siku ya nne karudi anahema, homa iko juu, na bahasha karibu imejaa. Alikuwa anameza kidonge kimoja tu kwa siku, mchana, saa nane kamili kwa saa yake ya mkononi. Mimi nilisema kila saa nane, naye kila saa nane ilipofika alimeza. Hakukosea hata siku moja. Niliyekosea ni mimi, na ni kwa Kiswahili changu mwenyewe, lugha niliyozaliwa nayo.

Tangu siku hiyo natamka saa zenyewe: kimoja saa kumi na mbili asubuhi, kimoja saa nane mchana, kimoja saa nne usiku. Bahasha iliyoandikwa 1×3 naigeuza, nyuma yake nachora jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi. Hiyo 1×3 ni lugha yetu sisi na watu wa dirisha la dawa. Mgonjwa hajaisomea.

Lakini kilichoniuma zaidi ni ile "Sawa, sista". Kwetu mtu mzima habishani na anayemhudumia. Ukimuuliza "umeelewa?" umeshamwekea jibu mdomoni, maana akisema hapana atakuwa amejiaibisha mbele ya wodi nzima. Acheni kabisa swali hilo. Semeni hivi: "Mzee, nimeongea mengi, tena haraka haraka. Ukifika nyumbani, mama akikuuliza umeambiwa nini, utamwambiaje?" Kisha nyamaza umsubiri. Akitoa kitu tofauti na ulichokusudia, maelezo yako ndiyo yenye kasoro, kwa hiyo yabadilishe umuulize tena. Usimrudie maneno yaleyale kwa sauti ya juu zaidi.

Sasa kusikiliza. Kliniki yetu ilikuwa na bibi mmoja ambaye sukari yake ilikuwa juu mno, haikushuka chini ya 18 (mmol/L) kwa miezi. Kila akija, yuniti za insulini zinaongezwa, na kwenye faili kuna mwandiko wa mtu: hafuati masharti. Kila aliyemwona alimsomea hotuba ileile ya ugali na soda, naye aliitikia. Siku moja foleni ilikuwa fupi. Nikavuta stuli, nikamwamkia shikamoo, nikamuuliza, "Bibi, hebu nisimulie siku yako, tangu unapoamka."

Alisimulia kama dakika nne. Sindano anachomwa na mjukuu wake wa darasa la sita kabla hajaenda shule. Ya jioni inarukwa siku ambazo mtoto amechelewa madrasa. Na siku zote anamchoma palepale, kushoto mwa kitovu, kwa kuwa pale hapaumi. Nikaomba ruhusa, nikavuta pazia, nikapapasa. Chini ya ngozi palikuwa na uvimbe laini, mkubwa kama nusu ya andazi. Ndiyo maana palikuwa hapaumi, na ndiyo maana dawa ilikuwa hainyonywi sawasawa.

Hapo kuna hatari ambayo msije mkaisahau. Ukimhamishia sindano mahali pasipo na uvimbe kwa yuniti zilezile zilizokuwa zikipotelea kwenye uvimbe, sukari inaweza kushuka ghafla. Kwa hiyo nilimrudisha kwa daktari kwanza, akapunguza dozi. Halafu tukamwita mjukuu. Tukamwonyesha jinsi ya kuhama upande hadi upande wa tumbo, kisha mapaja, na dalili za sukari kushuka: jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, maneno kuchanganyika. Akiziona, ampe bibi vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji kama bado anaweza kumeza vizuri, asubiri dakika 15, apime tena. Kwa kuwa nyumbani hawana friji, tukawaelekeza chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga uliolowanishwa, kivulini. Mtoto alituuliza maswali mazuri kuliko wengi wetu.

Mwaka 1984 watafiti Beckman na Frankel wa Marekani walichapisha matokeo ya kusikiliza mazungumzo 74 kati ya madaktari na wagonjwa. Kwa wastani mgonjwa alikatizwa baada ya sekunde 18. Yule bibi, kwa sekunde 18, angekuwa hajafika hata kwa mjukuu.

Najua mtasema wagonjwa ni wengi na sisi ni wachache. Ni kweli, na usiku mmoja unaweza kuachiwa wodi nzima peke yako. Lakini dripu unaibadilisha hata hivyo, na mdomo wako uko huru wakati huo. Muulize nani anapika nyumbani, nani anashika pesa ya dawa, kituo cha afya kiko umbali gani. Kumwambia ale samaki na mboga mtu ambaye sufuria iko kwa mkwewe ni kumpa mzigo asioweza kuubeba.

Kuhusu mitishamba, usigombe. Ukigomba, chupa itahamia chini ya mto na hutaiona tena. Muulize kwa upole anatumia nini na tangu lini, kisha mwarifu daktari. Ramadhani ni hivyohivyo. Ukianza na "usifunge", atakubali mbele yako, kisha atafunga kwa siri huku amechoma dozi nzima ya asubuhi. Mzungumzie mapema, ikiwezekana tangu Rajabu, ili daktari apate nafasi ya kumpima na kupanga upya dawa, au kumweleza kwa nini mwaka huu haifai. Na mwanaume aliyeacha dawa za presha bila sababu, waombeni ndugu watoke nje kidogo kabla ya kumuuliza. Huenda anaona dawa zimempunguzia nguvu za kiume, na mambo ya chumbani hayasemwi mbele ya mkwe.

Msiwaite watu "bedi saba" au "yule wa sukari". Majina yao yapo kwenye faili. Wala msingoje siku ya kuruhusiwa ndipo mfundishe. Siku hiyo mgonjwa anawaza bili na basi la mwisho.

Kesho mkiingia zamu, anzeni na kitanda cha mwisho, kile cha dirishani. Raundi humfikia yule tukiwa tumeshachoka.