Presha ya mimba na moyo wa baadae

Dada uliyeuliza kama presha ya mimba inaisha ukishajifungua: hapana, kujifungua hakumalizi kila kitu. Presha yenyewe mara nyingi inashuka ndani ya wiki chache, hapo uko sawa, ila aliyepata priklampsia, ile presha ya mimba inayoweza kutangulia kifafa cha mimba, anabaki na hatari kama mara mbili ya ugonjwa wa moyo na kiharusi huko mbele kuliko ambaye presha yake ilikuwa kawaida, na toka 2011 American Heart Association, chama cha moyo cha Marekani, wanaihesabu wakipima hatari ya moyo kwa mwanamke. Mi ni nesi kliniki ya mama na mtoto na kinachoniuma wengi wakipimwa wiki ya sita mashine ikisoma vizuri ndo hatuwaoni tena mpaka mimba nyingine. Sio kwamba kila mtu ataugua, wengi hawaugui, ila pima presha angalau mara moja kwa mwaka hata ukijisikia fiti, sukari nayo usiiache, na daktari utakayemuona hata ukiwa na miaka 50 mwambie ulipata hiyo kitu ukiwa mjamzito, maana kadi yako ya kliniki hatakuwa nayo.