Chumvi Si Kinga, na 120 Ndiyo Hiyo Hiyo 0.12

SWALI: Shikamoo Mzee wa Eksirei. Naishi kilomita 18 kutoka kwenye kinu cha nyuklia. Mwezi uliopita kilipata ajali, tukaamriwa kukaa ndani siku mbili, kisha tukaruhusiwa kutoka. Mume wangu alitaka tuondoke kwa gari usiku uleule, nikakataa, na mpaka leo tunanuniana. Mwanangu wa miaka minne nilimnywesha maji ya chumvi yenye madini joto, akatapika. Sasa kwenye kundi letu la simu jirani mmoja anaandika mionzi ni 120, mwingine anaandika 0.12. Nani mwongo? Na nguo tulizovua siku ile ziko kwenye mfuko stoo. Nizifue? – Mama wa wawili

JIBU: Marahaba mwanangu. Majirani zako wote wawili wanasema kweli. Namba ya mionzi bila kipimo chake ni sawa na mtu akuambie "nimetembea tano" kisha anyamaze. Siverti ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini, na huandikwa kwa vipande vidogo. Wa kwanza anasoma nanosiverti kwa saa, wa pili mikrosiverti kwa saa, na nanosiverti 120 ndiyo mikrosiverti 0.12. Tena hicho ni kiwango cha kawaida sehemu nyingi ambazo hazijawahi kuona kinu. Ardhi, anga, chakula na hewa tunayovuta humpa binadamu wastani wa milisiverti 2.4 kwa mwaka.

Nimefanya kazi kwenye chumba cha eksirei miaka 31, beji ya kupimia mionzi kifuani. Siku moja kijana niliyekuwa namfundisha alisoma ripoti ya beji yangu akaja mbio, macho yamemtoka, akidhani nimekwisha. Kumbe alisoma "mili" palipoandikwa "mikro". Tofauti ni mara 1,000.

Waombe majirani waandike namba, kipimo, mahali na saa. Kisha usikodolee macho namba moja, angalia inavyokwenda. Ikitulia kwenye mikrosiverti 0.12 kwa saa, pumua. Ikipanda hadi 0.5, kisha 2, kisha 5, rudi ndani ufungulie redio. Ikipanda kidogo mvua inaponyesha na kushuka baada ya saa chache, huenda ni mvua tu, maana huteremsha vumbi la mionzi ya asili lililokuwa angani.

Chumvi, hapana, usirudie. Kidonge cha iodidi ya potasiamu hujaza tezi ya thairoidi shingoni madini joto safi, ili yale yenye mionzi yakija yakute nafasi imejaa. Kwa mtoto wa miaka minne dozi ni miligramu 65, na ndani yake mna takriban miligramu 50 za madini joto. Chumvi yenye miligramu 30 kwa kilo ingekulazimu umlishe zaidi ya kilo moja na nusu. Chumvi ingemdhuru kabla ya mionzi. Kidonge chenyewe hakizuii sesiamu, aina nyingine ya vumbi lenye mionzi, wala mionzi inayopiga mwili kutoka nje, na humezwa mamlaka zinaposema, kwa sababu saa yake ni muhimu: kabla kidogo ya wingu la mionzi kufika, au saa chache tu baada yake. Ulizia sasa vinagawiwa wapi, usisubiri king'ora.

Kuhusu gari, siku ile ulifanya vema. Ukuta wa matofali, madirisha yaliyofungwa na feni iliyozimwa vinakukinga kuliko gari lililokwama kwenye foleni chini ya wingu. Lakini mumeo naye usimcheke. Pripyat, mji wa wafanyakazi wa kinu cha nyuklia cha Chernobyl, haukuhamishwa mpaka tarehe 27 Aprili 1986, siku moja baada ya mlipuko, na Jumamosi nzima watoto walikuwa nje. Kosa la mumeo ni kutaka kukimbia bila kujua upepo unaelekea wapi. Kwenye ajali ya kinu cha Fukushima, Japani, mwaka 2011, baadhi ya wakazi wa mji wa Namie walikimbilia Tsushima, ndani zaidi ya nchi, kumbe ndiko wingu lilikoelekea. Kijiji cha Iitate, ambacho sehemu yake kubwa iko nje ya kilomita 30, kilipakwa sesiamu na mvua na theluji, na amri ya kuhama ikawafikia mwezi uliofuata. Kwa hiyo ile 18 yako peke yake haikuambii mengi. Kaeni mezani na ramani, mchague njia mbili za pande tofauti, na atakayetangulia kusikia taarifa ya upepo ndiye aseme twende ipi.

Maziwa na mboga za majani za hapo jirani, fuata matangazo ya vipimo. Baada ya ajali maziwa ni miongoni mwa vinavyotangulia kuingiwa na mionzi, kwa sababu ng'ombe hula majani ya eneo kubwa na madini joto yenye mionzi huishia kwenye kiwele. Madini joto hayo yenye mionzi, yaani iodini 131, hupungua nusu kila siku nane, kwa hiyo tangu mwezi uliopita mengi yake yamekwisha. Sesiamu 137 huchukua miaka 30 kupungua nusu, na ndiyo ya kuulizia kwenye udongo wa bustani yako.

Nguo mlizivua vizuri. Kuvua za juu peke yake huweza kuondoa hadi asilimia 90 ya vumbi. Usizifue, wala usifungue mfuko kuchungulia. Uandike tarehe kwa kalamu ya wino mzito, uusogeze mbali na mlango wanapopita watoto, kisha uwaite wenye vipimo waupime ukiwa umefungwa hivyohivyo.